Azali ya Mzee Zakaria

Tulimzika mume wangu Filipo mwezi wa saba, baridi ya Iringa ikiwa kali hata vijana wakawa wanagombea majembe ili wapate joto. Baada ya maziko tulirudi nyumbani Kihesa, mikeka ikatandikwa, wali ukapakuliwa, na msemaji wa familia, mtoto wa mdogo wake marehemu, akasimama kuwashukuru watu. Alipofika kwa ndugu zangu waliotoka Mbeya akasema, "Hawa si wageni. Koo hizi mbili, ya hapa na ya Mbalizi, zimeoleana tangu azali." Watu wakaitikia kwa heshima. Mimi nikajifunika kanga usoni, na binti yangu akanishika bega akidhani kilio kimenizidi, kumbe nilikuwa nacheka. Sikumcheka marehemu, Mungu anajua. Nilicheka kwa sababu azali aliyoitaja yule kijana ilikuwa mimi mwenyewe, nimekaa pale mkekani na magoti yangu mabovu. Na mwaka ambao mimi na Filipo tulitaka kuoana, neno hilohilo, katika nyumba hiyohiyo, ndilo lililotumika kunikataa.

Nilifika Iringa katikati ya miaka ya hamsini, msichana wa Kisafwa kutoka vilima vya juu ya Mbalizi, nikaja kujifunza ukunga katika hospitali ya misheni. Bweni halikututosha, kwa hiyo sisi wa mbali tuligawiwa kwa wazee wa kanisa. Mimi nilipelekwa kwa Mzee Zakaria, mwashi, Mhehe ambaye asili yake ni Kalenga lakini alikuwa amejenga Kihesa. Nyumba ilikuwa ya matofali mabichi, bati lake limekandamizwa kwa mawe upepo usilichukue. Chumba cha mbele kilikuwa na meza ndefu na viti ambavyo hakuna kilichofanana na mwenzake, na ukutani palining'inia kalenda ya kanisa ambayo mwaka wake ulikuwa umekwisha, ikaachwa kwa ajili ya picha. Nilipewa kitanda katika chumba cha Bibi, mama yake Mzee Zakaria, ambacho kilipakana na jiko. Wenzangu wa bweni walinionea huruma kulala na kikongwe, lakini mimi nilijua nimepata bahati, maana ukuta wa jiko ulikaa na joto mpaka asubuhi, na Bibi hakukoroma.

Siku hizi watoto wangu wakisikia nilikaa nyumbani kwa wakwe kabla ya kuwa wakwe, wanashangaa. Lakini nilikaa pale kama binti, na nilipendwa kama binti. Mama Filipo, mke wa Mzee Zakaria, aliniwekea ukoko wa ugali kwa sababu aliniona siku ya kwanza nikiukwangua chunguni. Nikirudi zamu nikiwa nimechoka alinitazama tu miguu, akasema, "Leo umesimama sana, kaa," na kabla sijakaa kulikuwa na bakuli la maharage mbele yangu. Jioni tulikula wote mezani, jambo ambalo kwetu wanawake hatukulifanya. Nilijifunza kuitikia salamu yao ya "kamwene" bila kufikiri, nikajifunza Kihehe cha jikoni, kisha cha sebuleni, mpaka ikafika siku nikagundua kwamba nayaelewa hata maneno ambayo watu walidhani siyaelewi.

Mzee Zakaria alipenda maneno. Kiswahili alijifunza ukubwani, kwenye vitabu vya kanisa, kwa hiyo kilikuwa Kiswahili cha kusomwa. Hata akiomba chumvi ungedhani yuko madhabahuni. Na katika maneno yote hakuna alilolipenda kama "tangu azali". Chai ikija bila maziwa, alisukuma kikombe taratibu akasema, "Katika nyumba hii, tangu azali, hatunywi chai nyeusi." Mwanawe akitaka kuhamisha banda la kuku, aliambiwa kuku wa nyumba hii wamekaa upande wa mashariki tangu azali. Hakuwa mtu mkali. Alikuwa mtu aliyejenga kuta za nyumba za wengine maisha yake yote, na nadhani alitaka ndani ya nyumba yake kuwe na kitu kisichoweza kubomolewa. Hilo naliona sasa. Wakati ule niliona tu kwamba kila akilitamka neno lile, Bibi, aliyekuwa akila polepole mwishoni mwa meza, aliacha kutafuna.

Siku moja alasiri tulikuwa chumbani, mimi nakunja bendeji za hospitali, yeye anaota joto la ukuta. Kiswahili chake kilikuwa kidogo, cha kuokota sokoni. Akaniuliza, "Mwanangu, neno ile mtoto wangu anasema kila siku, azali, ni nini?"

Nilimjibu kama nilivyofundishwa kwenye darasa la kipaimara kule kwetu. Nikamwambia azali ni zamani ambayo haina mwanzo. Ni nyuma kuliko kukumbuka kote; hakuna mtu aliyekuwepo, hakuna aliyesimuliwa, anayeijua ni Mungu peke yake.

Bibi akafikiri. "Sasa kama hakuna mtu anakumbuka, yeye nani alimwambia?"

Nikasema labda anamaanisha zamani tu.

"Chai ilikuja mimi nikiwa na watoto wakubwa," akasema. "Banda la kuku tulijenga na marehemu baba yake. Mimi nilishika miti." Hakusema kwa kulalamika. Alisema kama mtu anayepanga vyombo mahali pake. Kisha nikarudi kwenye bendeji zangu, nikawa nazihesabu kwa sauti ndogo, kwa Kisafwa, maana mpaka leo siwezi kuhesabu kwa lugha nyingine nikiwa na haraka. Nilipoinua macho, Bibi alikuwa amenikazia macho. Akaniambia niendelee. Nikahesabu tena. Akafumba macho, midomo yake ikifuata kidogo, ikikosea, ikifuata tena. Nilidhani anajiburudisha, nikahesabu mpaka bendeji zikaisha.

Filipo alikuwa fundi katika gereji moja mjini. Alikuwa kijana mpole, mikono yake haikutoka mafuta ya magari hata aisugue kwa majivu, na kwa sababu hiyo alikula ameificha chini ya meza, akitoa mkono mmoja tu wa kulia. Sitasimulia jinsi tulivyopendana, kwa sababu hakuna la kusimulia. Tuliishi nyumba moja, tukasaidiana kuchota maji, na ikafika siku tukaona kwamba mmoja akichelewa kurudi mwingine hali. Tulikubaliana kwa maneno machache kisimani. Alisema angependa kuzeeka nami. Nikamwambia aseme na baba yake kwanza, kisha waje waseme na wangu. Nilikuwa na hakika. Nyumba iliyoniwekea ukoko ingenikataaje?

Kikao kilifanyika Jumapili baada ya ibada. Baba Mdogo Lameki, mdogo wake Mzee Zakaria, alikuja kutoka Kalenga na kuku mkononi, jambo lililonipa moyo. Baada ya chakula, mimi na Bibi tukaingia jikoni kupukuchua mahindi, na wengine wakabaki mezani: Mzee Zakaria, mdogo wake, Mama Filipo na Filipo. Mlango wa jiko ulitazamana na wa sebule, yote miwili wazi. Nilimsikia Filipo akisema alilokuja kusema. Kisha sauti ya Mzee Zakaria, ya upole, na upole huo ndio ulionikata maini.

"Esta ni mtoto mwema. Hakuna mwenye neno juu yake. Lakini mwanangu, tangu azali ukoo huu haujachanganya damu na watu wa upande ule. Sikuanzisha mimi, siwezi kuvunja mimi."

"Baba, ni nani aliyeanzisha?" Filipo akauliza.

"Hakuna aliyeanzisha. Ndiyo maana nimekwambia tangu azali."

Mama Filipo akasema kitu ambacho sikukisikia, na mumewe akamjibu kwamba hata yeye anamwonea huruma binti yule, lakini huruma si sheria. Mikono yangu iliendelea kupukuchua. Nakumbuka gunzi nililokuwa nimelishika lilikuwa tupu na bado vidole vyangu vinalizunguka. Sikulia. Nilikuwa najiuliza nitatoaje sanduku langu bila kupita sebuleni.

Bibi akaweka ungo chini. "Nishike mkono," akaniambia. Nikamwambia Bibi, tusiingie, kikao hakijatuita. Akasema, "Sikukuuliza." Basi nikamshika, tukavuka ua, tukaingia, na kwa kuwa alikuwa ameniegemea kwa uzito wake wote sikuweza kumwacha nikatoka. Filipo akasimama kumpisha kiti. Hakukaa. Alizungumza Kihehe, na mimi nilielewa kila neno.

"Zakaria, mtoto huyu amenieleza maana ya neno lako. Kumbe ni mambo ambayo hayana wa kuyakumbuka. Basi hili usiliite hivyo, maana mimi nipo, na nalikumbuka."

"Mama, kaa kwanza."

"Mama wa baba yako alitoka upande wa huyu binti. Aliletwa na vita akiwa msichana, wa umri wa kuchota maji. Alikuzwa hapa, akaolewa hapa, akazaa baba yako hapa. Mimi nilipoolewa ndiye aliyenipokea, ndiye aliyenifundisha kupika uji wa nyumba hii. Alihesabu kwa lugha yao alipokuwa akipanda mbegu, akidhani hakuna anayemsikia. Juzi nimeisikia tena hesabu ile chumbani kwangu."

Mzee Zakaria aliangalia meza. "Sijawahi kusikia habari hiyo."

"Utaisikiaje? Baba yako alikataza isitajwe. Aliona aibu kwamba mama yake alitekwa. Lakini wewe ulilala mgongoni mwake. Alikufa ukiwa unatambaa, na siku aliyokufa ulikwenda kwa magoti mpaka mlangoni kwake ukagonga."

Hapo nilimwona Mzee Zakaria akimgeukia mdogo wake, kama mtu anayetafuta wa kusema kwamba bibi kizee amechanganyikiwa. Baba Mdogo Lameki alikuwa akiviringisha kofia yake. "Kaka," akasema, "mimi nilisikia. Wazee wa Kalenga walikuwa wakinong'ona tulipokuwa tunachunga. Nilidhani na wewe unajua."

Bibi akamalizia kwa sauti ya chini, maana pumzi ilikuwa inamwishia. "Yule aliletwa bila kuombwa. Hakuna aliyekwenda kwao, hakuna aliyempa mama yake hata jembe. Sasa Mungu ametuletea mwingine kwa miguu yake, na njia ya kwao inajulikana. Nendeni mkamwombe." Kisha akaniambia nimrudishe jikoni, mahindi bado.

Nimewahi kuwaeleza wajukuu wangu kisa hiki, na wote wanataka Mzee Zakaria asimame palepale ambariki Filipo. Haikuwa hivyo. Alisimama, akachukua kofia, akatoka, na siku nyingi zilizofuata alikula kwa kuchelewa, baada yetu, bila kusema neno. Kusema kweli nyumba ilikuwa imepoa, si kwa chuki, ila kila mtu alikuwa akitembea kama kuna mgonjwa. Nilifunga sanduku langu. Msimamizi wetu hospitalini alikuwa ameniambia naweza kujibana bwenini na wenzangu. Mama Filipo alinikuta nimekaa juu ya sanduku nangoja mvua iishe. Akalitazama, akanitazama. "Maharage yako jikoni yatapoa," akasema, akalibeba mwenyewe akalirudisha chini ya kitanda. Hakunipa ahadi asiyoweza kuitimiza.

Sasa nikiwa mzee naelewa zaidi kilichomtafuna Mzee Zakaria siku zile. Zamani nilidhani ni aibu ya kushindwa mbele ya mwanawe. Lakini mtu mzima akiambiwa kwamba kulikuwa na mtu aliyembeba, akamlisha, akamwimbia, na yeye hana hata kivuli chake kichwani, hilo si jambo dogo. Nimezalisha wanawake wengi maishani mwangu, na kila mara nikimweka mtoto kifuani kwa mama yake hujiambia kwamba huyu hatakumbuka lolote la leo, na ndiyo siku kubwa kuliko zote alizonazo. Tunatunzwa kwanza, kumbukumbu huja baadaye sana.

Alivunja ukimya asubuhi moja kabla ya kwenda kazini. Nilikuwa nampaka Bibi mafuta miguuni. Mzee Zakaria akaingia akiwa na nguo zake za chokaa, akachuchumaa mlangoni kama mtoto aliyetumwa, ilhali kiti kilikuwepo.

"Mama. Aliitwa nani?"

Bibi akamtajia jina, la Kihehe.

"Hilo ni la hapa. La kwao?"

Bibi akafumba macho. Nilijua anatafuta kwa bidii, maana mguu wake ulikaza mkononi mwangu. "Hakulitaja," akasema mwishowe. "Nilimuuliza mara moja, tukiwa shambani. Akasema amelisahau. Sikumwamini, lakini sikumuuliza tena. Na waliokuwa wakilijua wamekwisha wote."

Mzee Zakaria akaitikia kwa kichwa. "Basi hilo ndilo azali," akasema polepole, na kwa mara ya kwanza hakulisema kama anayefunga mlango. Akajipangusa uso kwa kiganja, chokaa ikabaki shavuni. Kisha akanigeukia mimi. "Esta, kwenu huko, mtu akifika na posa, anaanza kwa nani? Kwa baba au kwa mjomba?"

Nilimwambia anaanza kwa baba.

Safari ilifanyika baada ya mavuno, nilipopewa likizo. Tulikwenda mimi, Filipo, Mzee Zakaria na Baba Mdogo Lameki. Kidesturi mimi nisingesafiri na wanaoniposa, lakini hakuna mwingine aliyeijua njia, na Mama Filipo alisema mwenye haya afunge macho. Tulipanda lori la abiria mpaka Mbeya, siku nzima ya vumbi. Tulipopita Igawa, tambarare za Usangu zikafunguka kulia, Mzee Zakaria akazitazama mpaka zikaisha. "Alipita hapa," akaniambia. "Kwa miguu." Nikasema huenda. Jioni tukaiona milima ya Mbeya, imejifunika mawingu hadi kiunoni.

Usiku tulilala Mbalizi, na asubuhi tukapanda kwa miguu hadi kwetu. Baba yangu aliwapokea ndani, kwa ugali wa ulezi na nyama ya mbuzi, na wajomba zangu wakaja wamejaa maswali. Kwa sababu ya vita vya zamani, Wahehe walikuwa wakitajwa kwetu kwa kuwatisha watoto, na sasa wawili walikuwa wamekaa kwenye vigoda vyetu wakinawa mikono. Mjomba wangu mkubwa akasema tangu zamani sana hakuna binti wa vilima vile aliyeolewa huko. Nikashusha macho. Nilidhani tumerudi palepale tulipoanzia.

Mzee Zakaria akatua tonge. "Yupo mmoja aliyekwenda," akasema. "Hakuolewa kwanza, alichukuliwa. Ni bibi yangu, mama wa baba yangu. Jina lake hatulijui. Nimekuja kuposa, lakini nimekuja pia kuwaambia kwamba alifika, aliishi, alizaa, na mimi hapa ni wa tumboni mwake. Sikujua mpaka mwaka huu. Kama kuna nyumba hapa iliyompoteza msichana wakati wa vita vile, ningependa niipigie magoti."

Wajomba walitazamana, wakataja nyumba hii na ile, wakakubaliana kwamba wasichana waliopotea walikuwa wengi na waliowajua walikuwa wamelala makaburini. Baba yangu alikuwa mtu wa maneno machache. Alingoja wanyamaze.

"Hatuwezi kukwambia ni wa nyumba gani," akasema. "Kwa hiyo hatuwezi kukwambia kwamba si wa nyumba hii. Kula, mwanangu."

Mzee Zakaria, mwenye umri mkubwa kuliko baba, aliitwa mwanangu na akaitikia. Mambo ya mahari yalizungumzwa baadaye na hayakuchukua muda. Sharti la baba lilikuwa moja tu, kwamba kila mtoto nitakayemzaa aletwe pale vilimani kabla hajajua kutembea, mababu wamwone. Filipo alikubali kabla baba yake hajafungua mdomo, na wote wakamcheka, na ndipo akasahau kuificha mikono yake, akala kwa nafasi.

Asubuhi yake ukungu ulikuwa bado umelala mabondeni. Nilimkuta Mzee Zakaria jikoni kwa mama, amekaa karibu na moto, ameshika kikombe cha chai. Mama alikuwa akikoroga uji, Kiswahili chake ni kidogo kama cha Bibi, na wote wawili walikuwa wakizungumza kwa mikono kuliko kwa midomo. Aliponiona akanisogezea kigoda.

"Nisaidie," akasema. "Muulize mama yako, kwa lugha yenu mtoto mdogo akimwita bibi yake, anasemaje?"

Nikamuuliza mama. Mama akaacha kukoroga, akalitaja neno kama tulivyolisema sisi tulipokuwa wadogo, lile fupi la kitoto. Mzee Zakaria akalirudia. Alilikosea mwishoni. Mama akatikisa kichwa, akalitaja tena polepole, akimwonyesha kwa kidole jinsi midomo inavyokaa. Akarudia mara ya pili, na ya tatu, akiutazama moto, mpaka mama akasema, "Eeh, hivyo," akachukua mwiko wake akaendelea na uji.